Mtu wa Katikati ya Waya

Maneno ya kwanza kueleweka kupitia simu yalikuwa ya kumwita mtu. Tarehe 10 Machi 1876, mjini Boston, Alexander Graham Bell alikuwa chumba kimoja na msaidizi wake, Thomas Watson, chumba kingine. Bell akamwambia kwa njia ya waya aje, ana haja naye. Watson akaja. Chombo ambacho baadaye kingesifiwa kwa kuwakutanisha watu bila wao kunyanyuka walipokaa kilianza kazi kwa kumnyanyua mtu.

Mtu wa Fizi, mashariki mwa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, hashangai. Huku, kuanzia milimani hadi Baraka penye ghuba, simu imekuwa ya kuitiwa kabla haijawa ya mfukoni. Mmoja anapokea, mwingine anatumwa mbio, wa tatu anafika akihema na kuuliza ni nani aliyempigia. Kati ya anayesema na anayesikia amekuwapo mtu wa katikati. Ndiye ninayetaka kumfikiria, kwa sababu vitabu vya historia ya simu vikimtaja humtaja kama kero iliyotafutiwa dawa.

Mwaka huohuo wa 1876, tarehe 11 Juni, Henry Morton Stanley aliondoka Ujiji kwa mashua yake, Lady Alice, kulizunguka Ziwa Tanganyika. Wiki mbili baadaye, tarehe 25 Juni, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, Mfalme Pedro wa Pili wa Brazil aliweka chombo cha Bell sikioni, akashtuka kukisikia kinasema. Kabla Julai haijaisha Stanley alikuwa amepanda na ufuo wa magharibi na kupita Ubwari, ile rasi ambayo Burton na Speke waliidhania kisiwa mwaka 1858, na ambayo ndiyo inayoikinga ghuba ya Baraka. Alirudi Ujiji tarehe 31 Julai. Kwa siku zote 51 huko Ulaya hakuna aliyejua kama yu hai au amezama, na barua zake zilikuwa zikingoja miezi ya miguu ya watu hadi Bahari ya Hindi. Hata Zanzibar haikupata waya wa chini ya bahari hadi 1879.

Wapo wanaopenda kusema kwenye mikutano kwamba ngoma ilikuwa simu ya Mwafrika. Sikubaliani nao, ingawa ufanano upo, mahali ambapo hawautazami. Bell hakuanza na sauti ya binadamu. Alikuwa akitafuta njia ya kupitisha jumbe kadhaa za telegrafu katika waya mmoja, kila ujumbe kwa toni yake, ndimi nyembamba za chuma zikitetemeka upande huu na wenzao wakiitikia upande wa pili. Tarehe 2 Juni 1875 ulimi mmoja ulikwama, Watson akaukwanyua kwa kidole, na Bell katika chumba cha pili akausikia mlio wenyewe, pamoja na mwangwi wake wote. Kuanzia hapo alijua kwamba waya unaoweza kubeba mlio ule utaweza kubeba na koo la mtu.

Walokele, wanaoishi kandokando ya Mto Kongo karibu na Kisangani, walikuwa wakipeleka toni tupu tangu zamani. Mmisionari John Carrington aliyeishi nao aliandika kitabu juu ya ngoma zao mwaka 1949. Lugha yao ina silabi za juu na za chini, na ngoma ya gogo hufuata kupanda na kushuka huko. Kwa kuwa maneno mengi yanalingana kwa toni, kila jina lilirefushwa likawa msemo mzima ili msikilizaji asikosee. Hapo ndipo ngoma inapoachana na simu: lazima awepo mpigaji aliyeihifadhi misemo, na kila aliye ndani ya mlio anasikia. Ujumbe ulipita kichwani mwake na mikononi mwake kabla ya kufika popote, na watu walijua ni nani anayepiga.

Simu za mwanzo kabisa, kwa upande wao, hazikuwa na mtu wa katikati. Zilikodishwa mbilimbili. Mwezi wa Aprili 1877 Charles Williams, mwenye karakana alimofanya kazi Watson, alivuta waya kutoka karakana hiyo hadi nyumbani kwake Somerville, nje ya Boston. Simu mbili, waya mmoja, basi. Chombo kilekile kilikuwa mdomo na sikio: unasema, unakihamishia sikioni, unangoja. Ukitaka kusema na watu kumi, uvute nyaya kumi. Ndipo likaja wazo la kuzileta nyaya zote katika chumba kimoja na kumweka mtu wa kuziunganisha. Kituo cha kwanza cha biashara kilifunguliwa New Haven tarehe 28 Januari 1878, na mwezi uliofuata kikatoa karatasi moja yenye majina 50, bila namba hata moja. Namba za nini? Unamwambia aliyepo kituoni unamtaka daktari fulani, naye anamjua.

Waliowekwa kwanza kwenye swichibodi walikuwa vijana wa kiume, wale waliokuwa wakipeleka telegramu mitaani. Walitukana wateja, wakapigana mieleka, wakachanganya nyaya kwa makusudi. Tarehe 1 Septemba 1878 kampuni ya Boston ikamwajiri Emma Nutt, mwanamke wa kwanza katika kazi hiyo, na baada yake wakaja maelfu. Mwaka uliofuata, katika mji wa Lowell, ulizuka ugonjwa wa surua. Daktari Moses Greeley Parker akawaza: hawa wanne wanaojua nani yuko kwenye tundu lipi wakiugua wote, mji utakuwa bubu. Akashauri kila mteja apewe namba, ili hata mgeni aweze kuunganisha. Namba ya simu, hii tunayoiandika kwa mkaa ukutani, ilitokana na hofu ya kuugua kwa mtu wa katikati.

Kisha akatokea aliyemwogopa kwa sababu nyingine. Almon Strowger alikuwa na biashara ya mazishi huko Kansas City. Inasimuliwa kwamba aligundua wafiwa wanaomtafuta kwa simu wanaelekezwa kwa mshindani wake, ambaye mkewe alikaa kwenye swichibodi. Akabuni mtambo wa kuunganisha simu wenyewe. Hati yake ya uvumbuzi ilitolewa tarehe 10 Machi 1891, miaka 15 kamili tangu Bell amwite Watson. Sijui kama kisa cha mke wa mshindani ni kweli tupu, lakini kinaaminika kwa urahisi kwa yeyote aliyewahi kupitisha siri zake kwenye masikio ya mtu mwingine. Hati ya Bell nayo ina mtu wa katikati. Karatasi zake na za mvumbuzi mwenzake, Elisha Gray, zilifika ofisi ya hati za uvumbuzi ya Washington siku moja, 14 Februari 1876. Miaka kumi baadaye mkaguzi wa ofisi hiyo, Zenas Wilber, aliapa kwamba alikuwa na deni kwa wakili wa Bell na kwamba alimwonyesha Bell karatasi za Gray. Kabla ya hapo alikuwa ameapa kinyume. Bell alikana, na mahakama ikampa Bell haki.

Waya ulifika mapema katika upande wetu wa dunia, mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1898 serikali ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilimwajiri Mmarekani Richard Dorsey Mohun, aliyewahi kuwa konsuli wa nchi yake Zanzibar, aongoze msafara wa kutandika waya kutoka Ziwa Tanganyika. Alianzia Mtowa, kusini ya Fizi, kuelekea Maniema, na kwenye makaratasi ndoto ilikuwa kufika Nili. Haukufika. Wakati huo askari wa Batetela walioasi mwaka 1897 walikuwa wakipigana na wakubwa wao wa zamani katika nchi iliyo kati ya Kabambare na ziwa, na wa mwisho wao hawakusalimisha bunduki hadi 1900, walipovuka kwenda kwa Wajerumani. Kwa hiyo tujue waya ule ulikuwa wa kusemea nini. Ulikuwa wa kuuliza waasi wako wapi, pembe ngapi, mpira kiasi gani, askari wangapi. Mwanakijiji aliufahamu begani, kama mzigo wa nguzo na mizunguko ya chuma, na haukuwa na mlango wa kumwingiza. Katika Boston ya wakati huo mwenye duka la dawa alikuwa na simu ukutani. Aliyekosa simu huku hakukosa kwa kuwa chombo hakijavumbuliwa wala kwa kuwa waya haujafika. Alikosa kwa sababu waya haukupita kwa ajili yake. Miaka ya Wabelgiji iliyofuata naipita haraka, maana kwa jambo hili haikubadilisha kitu.

Simu iliyonigusa kuliko zote katika historia ya Fizi haikupigwa Fizi wala haikupokelewa Fizi. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1965, Ernesto Che Guevara alishuka kwenye mashua Kibamba, kijiji cha ufuoni, akitokea Kigoma. Waasi wa Simba walikuwa wameshika nchi hii tangu mwaka uliotangulia, naye alikuja na Wakuba wenzake kuwasaidia. Walipewa majina ya Kiswahili ya hesabu. Yeye akawa Tatu. Mwezi wa Mei akafika Osmany Cienfuegos, waziri wa Kuba, pamoja na kundi la wapiganaji wengine. Alileta salamu na mipango, na kitu kimoja ambacho Guevara mwenyewe baadaye alikiandika kuwa habari ya huzuni kuliko zote za vita ile: huko Havana zilikuwa zimeingia simu kutoka Buenos Aires kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Namna ilivyosemwa ilionyesha kwamba ni ya kumtayarisha. Cienfuegos hakuwa na zaidi ya hapo.

Tuipime safari ya habari hiyo. Kutoka Argentina hadi Kuba ilipita kwa waya, ni jambo la dakika. Kutoka Kuba hadi mlimani juu ya Kibamba ilipanda ndege, ikashuka Dar es Salaam, ikasafiri hadi Kigoma, ikavuka ziwa usiku kwa kuhofia mashua za doria, ikapanda mlima kwa miguu, ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Na mtu huyo hakubeba maneno peke yake. Alibeba na sauti yake, ule mwinamo wa anayesema “anaumwa” huku akimaanisha jingine. Celia de la Serna alifariki tarehe 19 Mei. Mwanawe alikaa kama mwezi mzima katika kambi ya ukungu na matope akikisia jambo alilolijua na kutumaini kwamba wamekosea, mpaka uthibitisho ukafika.

Familia yoyote ya Kibembe, hapa Fizi, inaifahamu lugha hiyo. “Mama anaumwa, jitahidi ufike.” Aliyeambiwa hivyo hafungi mzigo wa kumwuguza mgonjwa. Anaazima nguo za msiba, anawaarifu wakwe, anatafuta nauli ya watu watatu, na njiani hamwulizi mtu chochote. Sikutegemea kuikuta Buenos Aires. Lakini adabu ya mjumbe wa kifo pengine ni moja kila mahali, na inahitaji mjumbe: mtu wa kusimama katikati, kuchukua nusu ya uzito wa neno, na kukuachia nusu nyingine ukaimalize njiani. Simu ya moja kwa moja haiijui adabu hiyo. Inakufikisha penye jeneza kabla hujakaa.

Baada ya vita ile mlima wa Fizi ulibaki na waasi kwa miaka mingi, na habari zikaendelea kuvuka ziwa ndani ya watu. Mwezi wa Mei 1975, wapiganaji wa chama cha Laurent-Désiré Kabila walipowateka watafiti wanne kutoka Gombe, upande wa Tanzania, walimrudisha mmoja ng’ambo akiwa na madai yao mkononi. Yeye ndiye alikuwa simu yao.

Kisha ikaja vita ya 1996, na ya 1998 baada yake. Watu wa Baraka, wa Mboko, wa Kazimia walipanda mitumbwi kwenda Kigoma, wakawekwa Nyarugusu na Lugufu, na ziwa lililokuwa njia ya samaki na mafuta ya mawese likawa ukuta. Msalaba Mwekundu ulianza kupitisha barua zake, karatasi moja ya habari za familia tu. Barua hizo huachwa wazi bila kufungwa, zisomwe kwanza kuhakikisha hamna siasa wala mambo ya kijeshi. Tafakari kuandika kwa mkeo uliyepotezana naye ukijua kwamba kijana wa kujitolea atasoma kabla yake. Watu waliandika hivyohivyo. Wakajifunza kuficha mapenzi ndani ya orodha ya majina ya watoto, nani yupo, nani anasoma, na jina lililorukwa likawa taarifa yake mwenyewe.

Upande huu wa ziwa ilikuwepo fonie, redio ya misheni, ya hospitali, ya wafanyabiashara. Ilirudisha mambo ya 1877 bila kujua: hamwezi kusema wote wawili kwa pamoja, unasema, unaachia kitufe, unangoja. Unampa mwenye fonie jina la mtu wako wa Bukavu, anaitwa huko, unaambiwa urudi saa fulani. Na mkishapatikana, kila aliyefungua masafa hayo, kuanzia Uvira hadi Kalemie, yuko nanyi chumbani. Mwenye fonie alikuwa mpiga ngoma aliyepata betri. Habari nzito alizisikia yeye kwanza, akaamua mwenyewe kama akutume kijana mbio au aje kwa miguu yake, taratibu, akiwa amevaa shati.

Kinshasa, wakati huo, mtu aliyekuwa na fedha alikuwa ameshamkwepa mtu wa katikati. Miko Rwayitare alianzisha Telecel mwaka 1986, mojawapo ya mitandao ya kwanza kabisa ya simu za mkononi Afrika, na chombo kimoja kiligharimu maelfu ya dola. Ilikuwa simu ya mawaziri na wenye almasi. Celtel ikaja mwaka 2000, Vodacom miaka miwili baadaye, na mnara baada ya mnara rezo, yaani mtandao, ikateremka kuelekea ziwani. Kuanzia Oktoba 2005 warejeaji wa Nyarugusu na Lugufu walianza kuletwa kwa meli hadi Baraka. Waliteremka na magodoro, mabati, masufuria, na namba za ndugu waliobaki ng’ambo.

Hapo ndipo kabine ilipotawala. Meza ndogo, mwavuli, simu moja au mbili zilizofungwa kwa raba, daftari, na kijana anayekodolea macho sekunde. Naithamini kabine kuliko wengi wanavyoithamini, kwa kuwa ilikuwa New Haven yetu. Hukuhitaji namba, ulimtajia jina, naye alishalihifadhi. Alipokea simu ya mtu wa Lulimba anayemtafuta shangazi yake sokoni, akamtuma mtoto. Alijua nani anadai, nani anadaiwa, nani anabipu kila jioni bila kupigiwa. Ukimwona ni Mshi aliyetoka Bukavu, unahamia Kibembe. Akiwa Mbembe, huna pa kujificha, unabaki kusema “lile jambo letu”, “yule mtu wa kule”, “kama tulivyosema”, naye anaangalia barabarani kama asiyesikia. Salamu nazo zilibadilika. Watu tuliozoea kumaliza ukoo mzima kabla ya kutaja shida tukajifunza kuanza na shida, unite za simu zikibaki tunasalimiana.

Sasa kila mtu na simu yake, au karibu kila mtu. Milimani bado kuna mawe ambayo watu huyapanda kutafuta rezo, na mwenye simu inayoshika ndiye kabine ya kijiji. Wanasema mtu wa katikati amekwisha. Mimi naona amesogea mbali tu, hatumwoni. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti na SMS nchi nzima. Mkono ulioshika swichi hiyo ulikuwa wa mtu, na yule hukuweza kumwendea ukamwambia, kijana wangu, nipitishie neno moja tu.

Bell mwenyewe hakumpenda mtu wa katikati, na hili linahitaji kuelezwa kwa kuwa lilianzia nyumbani kwake. Mama yake, Eliza, alikuwa karibu kiziwi, na bado alipiga piano. Mkewe, Mabel Hubbard, alipoteza kusikia akiwa na miaka mitano kwa homa. Bell alikuwa mwalimu wa viziwi kabla ya kuwa chochote kingine; Mabel alikuwa mwanafunzi wake. Walipooana Julai 1877 alimpa karibu hisa zake zote za kampuni mpya ya simu, akajibakizia 10. Mwenye mali alikuwa mwanamke ambaye hangeisikia hata siku moja. Mabel alisoma midomo, tena kwa ustadi, lakini waya hauna midomo. Akitaka kutumia simu ya mumewe, mtu mwingine angelazimika kusikiliza na kumrudishia maneno usoni. Na mumewe huyohuyo alitumia miaka mingi kuipinga lugha ya ishara mashuleni, akitaka kila kiziwi aseme kwa kinywa na asome midomo, asihitaji mfasiri. Viziwi wengi hawajamsamehe, nami siwalaumu.

Baraka kuna mama wazee wengi ambao masikio yamechoka na watoto wametawanyika, mmoja yuko Nyarugusu, mwingine amepelekwa Marekani na mpango wa wakimbizi. Simu ikilia anaishika mjukuu. Mama mzee anatuma salamu kwa utaratibu wake: kwanza yeye mwenyewe mpigaji, kisha mke, watoto mmoja mmoja, wakwe, majirani wa kambini, mchungaji, na yule mbuzi aliyeachwa kwa Mama Neema, je, amezaa? Mjukuu anasikiliza mpaka mwisho, anasogeza simu mdomoni, anasema: “Anakusalimia.” Mama mzee hasikii, lakini macho yake ni mazima, na ameona midomo ilifunguka mara ngapi.

“Anza tena,” anasema. “Na mbuzi umtaje.”